Wakata Kucha kwa Mwenyekiti Aliyekata Hogo Lake

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, Bwana Prescott Vandergriff, mwenyekiti wa bodi ya Hospitali ya Tolliver na mwenye maduka ya magari ambayo hakuna mtu wa Harlow Falls asiyeyajua: sisi madaktari tulio katika mafunzo ya ubingwa wa tiba na upasuaji wa nyayo tunakusalimu kwa heshima yote tuliyobaki nayo. Tunawasalimu pia wajumbe wa bodi, mabingwa wa mifupa walioketi karibu na nyama kama kawaida yao, mkufunzi wetu mkuu Dkt. Leopold Achterberg, na wazazi, wake na waume zetu waliooka biskuti zilizojaa ile meza ndefu pale ukutani. Biskuti hizo tafadhali zisiguswe kabla risala haijaisha.

Karibu sana. Tulikutegemea saa kumi na mbili jioni, lakini tunaelewa kwamba msimu wa gofu umepamba moto na mashimo yale hayajichezi yenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, nasi tunangoja kuona kama walisema kweli.

Anayesoma ni Dkt. Odalys Pruitt, kiongozi wetu, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyaandika pamoja kwenye chumba cha zamu, tukayagombania, tukafuta matusi, kisha tukarudisha machache. Ukikasirika usimkasirikie Odalys peke yake. Bodi yako imekwisha kumwadhibu mtu mmoja mwaka huu, na huyo mmoja anatosha.

HISTORIA YETU

Idara yetu ilianzishwa na marehemu Dkt. Wilhelmina Stroud, katika chumba cha chini ya ardhi kilichokuwa stoo ya mashuka machafu. Hospitali ilimpa chumba hicho kwa sababu hakuna mwingine aliyekitaka. Kiti cha kwanza cha wagonjwa alikinunua kwa kinyozi aliyekuwa akifunga duka. Mabingwa wa ghorofa za juu walicheka, wakamwita mkata kucha, na jina hilo tumelirithi pamoja na chumba, mabomba yake yanayovuja na harufu ya sabuni isiyokwisha.

Kwa wageni wasioijua kazi yetu: mtu husomea nyayo chuoni miaka minne, kisha huja hospitalini kwa miaka mitatu ya mafunzo haya. Hupitishwa dharura, wodi za maambukizi, mishipa ya damu, hata idara ya dawa za usingizi. Hujifunza kunyoosha kidole kilichopinda, kuunga kisigino kilichopasuka, kufufua kidonda kilichokufa ganzi, na kukata kidole kimoja ili vinne vibaki. Asipomaliza miaka hiyo mitatu hapewi leseni, na bila leseni ile miaka ya chuo ni maji yaliyomwagika. Tunalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani cheti tunachopokea leo ni karatasi ya kupamba ukuta.

Dkt. Stroud alituachia desturi moja ambayo hamtaikuta kwenye idara nyingine yoyote. Daktari akiingia kwa mgonjwa haruhusiwi kumtazama usoni. Hukaa kwanza kwenye kigoda, akagusa miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono, akalinganisha joto, ndipo ainue macho na kuuliza jina. Bibi yule alikuwa akisema uso una adabu nyingi mno, utakwambia "sijambo" hata mwenyewe akiwa anaoza, lakini wayo haukufundwa adabu na mtu. Dkt. Achterberg alifundishwa hivyo, akatufundisha sisi hivyo hivyo, na aliyeinua macho mapema alitolewa nje mbele ya mgonjwa kama mtoto aliyecheka kanisani.

Matokeo yake tumekuwa watu wa ajabu kidogo. Tunawatambua watu kwa viatu kabla ya sura. Mmoja wetu alimpita mama mkwe wake sokoni bila salamu, akageuka tu baada ya kukiona kisigino. Mama yule hajamsamehe hadi leo.

MAFANIKIO

Tumeokoa miguu. Hatuna picha za kuonyesha, maana jarida la hospitali lilituomba picha "zisizo na vidonda," na baada ya kukosa likachapisha picha ya chemchemi mpya ya maji pale lango kuu. Chemchemi ni nzuri, na kwa jinsi tunavyoiona haina tatizo lolote la miguu.

Bi. Earlene Stubbs, aliyeendesha basi la shule hapa mjini hadi akastaafu, aliambiwa ghorofa ya nne kwamba mguu wake ukatwe chini ya goti. Alishuka kwetu akilia. Tulikaa na mguu ule majira yote ya baridi, tukiufunga na kuufungua, tukiukwangua, tukiugombeza, tukimgombeza na mwenyewe alipoiba keki. Mwezi wa tano alicheza polka kwenye harusi ya mjukuu wake, na alipotuletea habari hiyo Dkt. Achterberg alijifungia chooni kwa muda. Mgeni rasmi, hayo ndiyo mafanikio yetu. Mengine yanafanana na hayo.

CHANGAMOTO

Kwenye risala za watu wengine, hapa ndipo huorodheshwa upungufu wa vifaa. Vifaa vyetu ni vichache na vibovu, hilo lijulikane, tuendelee. Changamoto yetu kubwa inaitwa Dkt. Casimir Hruska, au tuseme kutokuwapo kwake. Leo tulipaswa kuhitimu watatu. Tuko wawili.

Daktari hatoi siri ya mgonjwa, nasi hatutaitoa. Yote tutakayosema juu ya mguu wako, mgeni rasmi, ni yale uliyoyasema mwenyewe kwa kipaza sauti kwenye chakula cha jioni cha wafadhili, ukayarudia kwenye jarida, kwenye ukurasa wenye picha yako ukicheka. Ulisema una "sukari kidogo." Ulisimulia kisa kizima na watu wakafa kwa kicheko. Sisi tunakisimulia tena kwa sababu ulisahau kumweka Casimir ndani yake. Ulimwacha awe kikaragosi tu.

Casimir ni mtoto wa wakulima wa vitunguu, mrefu, mzito wa maneno, anayeogopa simu na asiyeogopa kidonda cha aina yoyote. Kule kwao hakuna daktari wa nyayo. Wazee hufunga vidonda kwa vitambaa vya jikoni, hungoja mavuno yaishe, na huja hospitalini wakati hakuna cha kuokoa. Babu yake alikwenda hivyo, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili, halafu yeye. Zahanati ndogo ya mji wao ilikwisha kumwekea Casimir chumba kuanzia Julai, na wakulima walikuwa wameanza kuambiana wasiende mbali, wamngoje kijana wa Hruska.

Mchana ule wa Aprili ulishuka chini bila taarifa, pamoja na wajumbe wawili, kuangalia kama chumba chetu kingefaa kuwa duka la maua. Wenzako walitoka kwenda kupima korido. Wewe ulibaki, ukakiona kile kiti cha wagonjwa, ukaketi. Hatukulaumu. Kiti kile kinaiinua miguu taratibu, na hakuna kati yetu ambaye hajawahi kulala juu yake.

Ilikuwa siku ya kliniki, watu wamejaa hadi ngazini, na karani alikuwa amekwenda kula. Casimir aliingia kinyumenyume akivuta pazia, akakaa kigodani kama alivyofundishwa, macho chini. Alichokiona ni jozi ya viatu vya gharama, na kimoja kilikuwa kimebana kuliko mwenzake.

"Vua viatu, mzee wangu," akasema. "Na soksi. Miguu yote miwili."

"Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Tutafika huko. Kwanza miguu."

Nawe ukavua. Hapo, mgeni rasmi, tumepafikiria sana kwenye zamu zetu. Mtu ambaye nusu ya mji huu hula kwa mkono wake aliambiwa na kijana asiyemjua avue soksi, akavua. Jaridani ulisema ulifanya hivyo kwa mzaha. Sisi tunaona miguu ya watu waoga kila siku, na tunadhani ulikuwa umengoja kwa wiki kadhaa mtu yeyote akuambie uvue.

Casimir aliweka mgongo wa mkono kwenye mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa kawaida. Wa kushoto ulikuwa wa moto kama sufuria iliyotoka jikoni, umevimba, mwekundu, na ngozi yake haikuwa na mkwaruzo. Alijua anachokitazama na, kwa maneno yake mwenyewe, alitamani asiwe anakijua. Alivipindisha vidole, mwenye mguu hakushtuka. Akachukua ule uzi mgumu wa nailoni tunaopimia hisia, akaugusisha chini ya wayo.

"Unasikia?"

"Nasikia nini?"

Akauinua mguu juu ya mto, akangoja. Wekundu ukashuka kama maji yanayotolewa kwenye beseni. Kungekuwa na usaha ndani, wekundu ule usingeondoka. Basi hakuwa na shaka tena. Mtu mwenye kisukari akishapoteza hisia za miguu, siku nyingine mifupa ya wayo huanza kulainika na kuvunjika ndani ya ngozi nzima, bila maumivu, na mwenyewe huendelea kuitembelea akidhani ameteguka. Dawa ni kuufunga mguu hogo la plasta linaloubana kote na kumkataza mtu kuukanyagia kwa miezi. Akikataa, uvungu wa wayo huporomoka, kidonda hutokea chini, na mwisho wake ni msumeno.

"Uliumia lini, mzee?"

"Nilijikwaa kwenye gofu. Hata haukuuma."

"Hiyo ya kutouma ndiyo shida yenyewe. Nani kakuruhusu kuutembelea mguu huu?"

"Sijawahi kuomba ruhusa ya kutembea."

"Basi tembea. Safari ijayo utakuja bila huo."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonukuliwa kwenye barua ya kumfukuza, chini ya kichwa "utovu wa adabu kwa kiongozi." Kumbe hakujua kama ni kiongozi. Angesema hivyo hivyo kwa fundi bomba, na fundi bomba angemshukuru.

Alikufunga hogo. Aliloweka, akazungusha, akapapasa, huku akikueleza kila anachofanya, na wewe ulikuwa mpole sana. Ulimuuliza kama utaweza kucheza kwenye mashindano ya hisani Jumamosi ile. Alicheka. "Gofu? Mzee, hata chooni utakwenda kwa magongo na kwa kuombewa." Ukacheka na wewe kidogo, na hilo hukulisema jaridani.

Alipomaliza kulainisha ndipo akainua macho aulize jina lako, aandike faili. Akaiona sura iliyotundikwa kwenye fremu pale mapokezi. Wenzako nao ndio walikuwa wanarudi kutoka koridoni. Lakini mikono haikuachia, kwa sababu plasta ilikuwa bado haijakauka, na mguu ukiachiwa kabla haijakauka hogo hukaa vibaya.

Kosa lipo, hatulifichi. Alimtibu mtu asiyeandikishwa. Hakumwita Dkt. Achterberg aliyekuwa juu kwenye chumba cha upasuaji. Hakuagiza picha ya eksirei kwanza. Angepewa onyo kali, angepewa zamu zote za usiku zilizobaki, angestahili, nasi tungemcheka mpaka siku ya kuhitimu.

Badala yake ulikwenda kwa rafiki yako, bingwa wa mifupa. Yuko ukumbini na hatutamtaja, ni yule anayetafuta kitu chini ya meza. Alipiga picha, ikatoka safi, akasema umeteguka na labda una jongo kidogo, akaleta msumeno na kulikata hogo la Casimir mkiwa mnazungumza habari za gofu. Mgeni rasmi, mwanzoni ugonjwa huu hauonekani kwenye picha. Mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Rafiki yako halijui, ila ofisi yake ina dirisha.

Ndipo ukaja kwenye chakula cha wafadhili na kusimama. "Nilikwenda kukagua chumba," ukasema, "mkata kucha akanijengea ukuta mguuni." Watu wakapiga meza. Casimir alikuwa pale nyuma, zamu yake ya kuwapokea wageni makoti. Aliendelea kupokea makoti.

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati. Dkt. Achterberg aliulizwa kama ni yeye aliyewafundisha madaktari hawa kutomtazama mtu usoni. Mwalimu wetu alitazama meza, akasema taratibu ni taratibu, akatia sahihi. Dkt. Achterberg, tunakupenda, ndiyo maana tunakusema ukiwepo. Siku ile uti wako wa mgongo ulikuwa kama wa samaki wa kopo.

Wazee wana methali kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia iweje pale mkuu mwenyewe anapokuwa ndiye asiyesikia. Labda walidhani haitatokea.

Casimir sasa anauza viatu kwenye duka moja kando ya barabara kuu. Tulikwenda kumwona tukidhani tutamkuta amevunjika moyo, na kweli amevunjika, lakini alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee mmoja na kumvua soksi. Meneja amemkanya mara nyingi. Anasema wateja wamekuja kununua raba, hawakuja kuchunguzwa. Casimir hujibu kwamba hawezi kumvisha mtu kiatu bila kujua kinaingia wapi. Wapo wagonjwa waliofika kwetu mwezi huu wakiwa na vidonda vibichi na risiti ya duka la viatu, nasi hatuna haja ya kuuliza aliyewatuma.

Tumeulizia hospitali nyingine kama zingempokea amalizie. Nafasi za mafunzo haya ni haba nchi nzima, na hakuna anayetaka mtu aliyefukuzwa zikiwa zimebaki wiki chache. Wengine hawakujibu. Mmoja alijibu kwa kuuliza alimfanya nini mwenyekiti. Zahanati ya kwao itamngoja mpaka mwisho wa Julai, baada ya hapo chumba kitakuwa stoo. Kwa hiyo ile miaka saba yote, minne ya chuo na mitatu ya hapa, inaning'inia kwenye kikao cha bodi cha Jumatatu, nawe ndiye unayeshika nyundo ya kikao.

MAOMBI

Tunaomba Casimir arudishwe amalizie wiki zake. Hatuombi kiti kipya, wala dirisha, na hilo duka la maua lijengeni tu, tutawatibu wagonjwa katikati ya mawaridi. Tuko tayari kumgawia zamu zetu. Msamaha amekwisha kukuandikia. Tulimwambia asiandike, akaandika, kwa kuwa yeye ana roho nzuri kuliko sisi, na hukumjibu.

Dkt. Odalys Pruitt na Dkt. Thurman Beale, ambao majina yao yataitwa baada ya risala hii, wanaomba radhi mapema kwamba hawatanyanyuka. Vyeti vyao vibaki mezani hadi kiwepo cha tatu. Wanajua maana yake, na kazi zinazowangoja huko waendako zinajua pia. Mama yake Odalys alipoambiwa asubuhi ya leo alisema, "Nimeoka wiki nzima nije kukuona umekaa?" Odalys akamjibu ndiyo, mama, na naomba ukae na mimi. Mnaweza kuona wenyewe mama ameketi wapi.

Hilo ndilo ombi tulilokuja nalo. Lipo lingine ambalo si letu.

Tulipompigia Casimir simu kumwambia wewe ndiye mgeni rasmi, tulijiandaa kusikia matusi. Akauliza jukwaa la ukumbi huu lina ngazi ngapi. Tukamwambia. Akasema, "Basi msimpandishe." Huenda umejiuliza kwa nini mwaka huu meza kuu iko sakafuni kama meza ya watoto, na labda umeona ni dharau. Dharau tumeiweka kwenye risala, mgeni rasmi. Meza ilishushwa na Casimir.

Na ulipokuwa ukiingia, utuwie radhi, hatukukutazama usoni. Tulikuwa tumepanga kupiga makofi kwa dharau, polepole, kila mtu na lake. Umesikia jinsi tulivyonyamaza. Mguu wa kulia umevaa kiatu cha ngozi. Wa kushoto umevaa raba nyeusi isiyofungwa kamba, na ulipoukanyagia ulitua sakafuni bapa kama ubao. Ulikuwa unatabasamu na kuwapungia watu mkono, kwa sababu hauumi. Tuliogopa. Tumekuchukia tangu Aprili, na tuliogopa.

Ukumbi huu ni wa Chama cha Waslovaki, si mali ya hospitali, kwa hiyo amri ya kumkataza Casimir kukanyaga kwenye majengo yenu haifiki hapa. Yuko jikoni. Ndoo ya maji ya vuguvugu iko tayari, plasta iko tayari, na magongo yameegemezwa nyuma ya mlango. Yeye mwenyewe hawezi kukugusa. Kibali chake cha mafunzo kilifutwa siku alipofukuzwa, na sheria ya jimbo hili ni kali. Atasimama pembeni, mikono mfukoni, aelekeze. Neno lako moja mbele ya wajumbe hawa, ambao hatujapata kuwasikia wakikupinga, linatosha kumrudishia mikono yake ifikapo Jumatatu.

Usipolisema, Dkt. Beale atakufunga hogo vilevile. Atakufunga leo, hapa, kabla ya hotuba yako na kabla ya chakula, na asubuhi tutakuandikisha na kukupiga picha kama inavyotakiwa, na tutakusindikiza wiki baada ya wiki kama tulivyomsindikiza Bi. Earlene. Hatuweki sharti. Mguu wako haukumfukuza mtu. Tutautibu bure na vizuri, mwenzetu akiwa bado anauza viatu, na hiyo ndiyo tofauti kati yetu na bodi yako.

Mwenyezi Mungu akujalie uzee mrefu wenye miguu miwili, awape wajumbe wako masikio, ampe mwalimu wetu uti wa mgongo, na awarudishe salama nyumbani wote waliokuja kula nasi.

Ni sisi, wakata kucha wako,

Madaktari wa Mafunzo ya Ubingwa wa Tiba na Upasuaji wa Nyayo,
Hospitali ya Tolliver, Harlow Falls, Ohio,
pamoja na Dkt. Casimir Hruska, aliye jikoni.